Bango la Binti wa Nyarugusu

Kila mwaka, majira ya kuchipua yanapofika, hoteli ya Palmer House katikati ya Chicago hupokea wageni wasiofanana na wageni wake wa kawaida. Ni vijana wa miaka ishirini, ishirini na mmoja, wengi wao ndani ya suti zilizonunuliwa juzi, na begani wamening'iniza mirija mirefu ya kadibodi. Ndani ya kila mrija kuna bango moja lililoviringishwa, na ndani ya bango kuna kazi ya mwaka mzima: swali, hojaji, majedwali, na juu kabisa jina la mwanafunzi, mara nyingi likitangulia jina la profesa wake. Wamekuja kwenye kongamano la Chama cha Saikolojia cha Magharibi ya Kati ya Marekani. Wengi wao bado hawajapata hata shahada ya kwanza. Hata hivyo watasimama mbele ya mabango yao na kumweleza kila apitaye walitafuta nini na walipata nini.

Nilifuatana na kundi moja la vijana hao kutoka chuo kidogo cha mashariki ya Iowa, ninakofundisha Kiswahili. Saikolojia si fani yangu. Aliyenipandisha kwenye gari lao ni binti mmoja wa mwaka wa nne, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Wazazi wake ni watu wa Fizi, hukohuko Kongo. Alifika Iowa akiwa mtoto wa shule ya msingi, na haikuchukua muda akawa mdomo wa nyumba nzima. Hospitali alikwenda na mama, benki na baba. Siku ya kikao cha wazazi shuleni alikaa katikati ya mwalimu na mzazi, akimtafsiria mzazi lawama ambazo mwalimu alikuwa akizitoa juu yake yeye mwenyewe.

Hilo ndilo alilolifanyia utafiti. Alitaka kujua kama vijana wa familia za Kikongo wanaotafsiri mara nyingi kwa niaba ya wazazi wao ndio pia wenye wasiwasi mwingi kuliko wenzao. Baadhi ya waliohojiwa walikuwa huru zaidi katika Kiswahili kuliko Kiingereza, kwa hiyo alikuja ofisini kwangu tukaipitia hojaji yake sentensi baada ya sentensi, hadi ikasomeka kama maneno ambayo kijana wa Uvira au Fizi angeyasema jikoni kwao. Tulipomaliza akaniambia, "Mwalimu, twende wote Chicago uone kama kazi yetu itaeleweka." Nikaenda.

Kutoka Iowa City hadi Chicago ni kama kilomita 350, na karibu zote ni tambarare. Mwezi Aprili mahindi hayajapandwa bado. Udongo mweusi tii umelala wazi pande zote mbili za barabara kuu namba 80, umechanganyika na mabua ya mwaka uliopita, na juu yake mitambo ya upepo inazunguka polepole kwa mbali. Ni nchi ya watu wachache na ghala nyingi. Mgeni anayepita humo kwa mara ya kwanza hawezi kudhani kwamba katika miji midogo iliyojificha nyuma ya mashamba hayo kuna makanisa ambayo ibada ya Jumapili huanza na kumalizika kwa Kiswahili. Wakongo wamefika kwa wingi Cedar Rapids, Iowa City, Des Moines na miji pacha ya ukingo wa Mississippi. Wengi wanafanya kazi katika viwanda vya nyama, maghala na nyumba za kulelea wazee. Binti yetu mwenyewe alikuwa akifanya kazi za zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Ilimbidi aombe zamu tatu mfululizo zishikwe na wenzake ndipo apate nafasi ya kusafiri.

Aliyeshika usukani alikuwa profesa wao, mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwapeleka wanafunzi wake Chicago. Gari lilikuwa la chuo. Tulisimama Walcott, kwenye kituo cha Iowa 80 kinachojitangaza kuwa kituo kikubwa kuliko vyote duniani cha madereva wa malori. Humo kuna mgahawa, kinyozi, hata daktari wa meno. Tukiwa tumezunguka meza, huku madereva wenye kofia wakinywa kahawa nyuma yetu, profesa alimtaka kila mwanafunzi aeleze utafiti wake bila kutazama karatasi.

"Dakika mbili," alisema. "Mtu atasimama mbele ya bango lako dakika mbili, na dakika hizo ni zake, si zako. Mwambie ulichouliza, ulichofanya, ulichopata. Kisha nyamaza umsikilize."

Kijana mmoja alikuwa amepima uhusiano wa usingizi na kumbukumbu. Mwingine aliangalia jinsi simu iliyowekwa mezani, hata ikiwa imezimwa, inavyogusa umakini wa mtu. Walianza kwa kujikwaa, wakitaja takwimu kabla ya kutaja swali. Binti wa Nyarugusu alipofikiwa aliongea kwa kasi, macho yamekazwa kwenye sahani, akamaliza chini ya dakika moja. Profesa hakumkosoa. Alimwambia tu, "Anza na kikao cha shuleni. Hiyo ndiyo sababu ya utafiti wako, na mtu yeyote ataielewa." Binti akasema anaogopa wataona si sayansi, ni habari zake binafsi. Mama yule akamjibu kwamba swali huruhusiwa kutoka popote. Kinachotakiwa kuwa cha kisayansi ni namna ya kulijibu. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu palepale.

Tulivuka Mississippi jua limepanda. Mto ulikuwa umejaa maji ya theluji iliyoyeyuka, rangi ya udongo. Baada ya hapo ni Illinois, tambarare ileile, mpaka nyumba zinapoanza kusongamana na mbele yake yanatokea maghorofa ya Chicago, yakiwa yamejipanga mbele ya Ziwa Michigan.

Palmer House iko kati ya mtaa wa State na Wabash, hatua chache kutoka kwenye reli ya juu ambayo treni zake hutikisa vioo vya maduka. Hoteli ya kwanza yenye jina hilo iliteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1871, siku 13 tu baada ya kufunguliwa. Jengo la sasa lilikamilika mwaka 1925, na dari ya ukumbi wake wa mapokezi imejaa picha za hekaya za kale za Kigiriki zilizochorwa na Mfaransa Louis Pierre Rigal. Wanafunzi walipoingia waliinua vichwa wote kwa pamoja wakasahau mizigo yao. Wenyeji husimulia pia kwamba keki ile nyeusi ya chokoleti, brauni, ilibuniwa katika jiko la hoteli hii kwa ajili ya Maonesho ya Dunia ya 1893 hapohapo Chicago, baada ya Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, kuomba kitindamlo ambacho akina mama wangeweza kukibeba kwenye kijisanduku cha chakula.

Kwangu mimi maonesho hayo ya 1893 yana habari kubwa kuliko keki. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilikuwa kimeanzishwa mwaka mmoja tu kabla, na Joseph Jastrow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipewa chumba cha kuonesha sayansi hiyo mpya. Mwananchi wa kawaida aliweza kuingia humo akapimwa wepesi wa macho yake, vidole vyake na kumbukumbu yake, kisha akatoka kwenda kutazama maajabu mengine. Katika jiji hilohilo, tangu wakati huo, saikolojia ilijitambulisha kwa umma kwa kuwapima watu waliopita mlangoni.

Baadaye mlango ukahamia chuoni, na waliokuwa wakipita wakawa wanafunzi. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa saikolojia Marekani amekuwa akipewa alama za ziada kwa kukubali kupimwa. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichambua majarida makubwa sita ya fani hiyo akakuta kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, na asilimia 68 Marekani peke yake. Katika jarida moja mashuhuri la saikolojia ya jamii, theluthi mbili ya tafiti za Marekani zilitegemea wanafunzi wa shahada ya kwanza wa somo hilohilo, basi. Hao ndio waliotumika kueleza jinsi binadamu anavyofikiri, anavyopenda, anavyoogopa na anavyovumilia.

Matokeo yake tunayajua. Jaribio maarufu la Walter Mischel pale Stanford, la kumwachia mtoto pipi mezani na kumwambia akingoja atapewa ya pili, lilifundishwa kwa miaka kama kipimo cha kujizuia kwa mtoto yeyote. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wenzao wa kabila la Nso, Kameruni, ambao waliwekewa andazi la kwao. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walingoja. Wa Ujerumani waliongoja hawakufika asilimia 30. Mama wa Nso hamlei mtoto kwa kumfuata kila anachotaka, na hilo lilionekana mezani. Ilihitajika mtu aulize kuhusu watoto ambao hawakuwa wakiulizwa.

Ndiyo maana niliposimama mlangoni mwa ukumbi wa mabango asubuhi ya pili nilijawa na furaha kubwa. Vijana ambao mwaka wa kwanza walikuwa wakijaza hojaji za wengine sasa walikuwa wamesimama upande wa pili, kila mmoja na hojaji aliyoitunga mwenyewe.

Ukumbi wa mabango hauna jukwaa wala kipaza sauti. Kuna mbao nyepesi zilizosimamishwa kwa safu, kila ubao una namba, na wanafunzi hubandika mabango yao kwa pini pande zote mbili. Muda ukifika milango inafunguliwa na kelele zinaanza, mamia ya watu wakizungumza kwa pamoja hadi inabidi umwinamie mtu ndipo umsikie. Watu wanapita wakisoma kichwa cha bango, kisha beji ya kifuani, kisha uso. Wapo maprofesa wanaotafuta wanafunzi wa kuwapeleka shahada za juu. Wapo wazazi wenye kamera, na wanafunzi wengine waliotoroka mabango yao dakika tano kuwaona wenzao. Baadhi ya mabango yalifuata mtindo uliosambazwa mwaka 2019 na Mike Morrison, wakati huo mwanafunzi wa udaktari wa saikolojia huko Michigan: jibu la utafiti limeandikwa katikati kwa sentensi moja, herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, na maelezo yote madogo yamesukumwa pembeni. Niliyapenda. Mengine yalikuwa yamejazwa maandishi kila pembe mpaka jicho halijui pa kuanzia, na mbele ya mabango hayo watu hawakukaa.

Binti alikuwa amechapisha bango lake juu ya kitambaa, akalikunja kama khanga ndani ya begi la mkononi, kwa hiyo hakuwa na haja ya mrija. Alikuwa amesikia ushauri wa profesa. Katikati, kwa herufi kubwa, palikuwa na swali kuhusu mtoto anayetafsiri kwenye kikao cha shuleni.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mwenye mvi na miwani inayoning'inia kwa uzi. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza: "Katika familia hizi, anayetafsiri si kwa kawaida mtoto mkubwa?"

"Ndiyo, mara nyingi."

"Na mtoto mkubwa si ndiye pia anayelea wadogo, anayepika, anayetangulia kutafuta kazi? Utajuaje kwamba unachokipima ni mzigo wa kutafsiri na si mzigo wa kuzaliwa wa kwanza?"

Binti alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwa sauti iliyo wazi kwamba hojaji yake haikuuliza mtu ni wa ngapi kuzaliwa, na kwamba ilipaswa kuuliza. Yule mzee hakutabasamu kwa huruma wala hakumwacha. Alivuta kalamu, wakainama wote wawili juu ya karatasi ndogo, akamchorea namna ya kulichambua jambo hilo endapo angewarudia washiriki walewale. Walikaa hapo zaidi ya dakika kumi. Darasani swali kama hilo lingekuwa kasoro ya kupunguziwa alama. Pale lilikuwa mazungumzo ya watafiti wawili juu ya jambo ambalo wote walitaka kulijua. Sijaona njia nyingine ya kumfundisha kijana kwamba utafiti ni kazi ya kuulizana. Vitabu vya mbinu za utafiti husema hivyo, lakini hakuna anayeamini mpaka mgeni asiyemdai chochote asimame mbele yake na kuchukulia swali lake kwa uzito.

Aliyefuata alikuwa msichana wa umri wake, mwanafunzi kutoka chuo kingine, aliyekulia Chicago katika familia ya Wameksiko. Alisoma lile swali la katikati akaweka mkono mdomoni. Naye alimtafsiria mama yake kliniki tangu akiwa na miaka minane. Utafiti mwingi juu ya watoto wakalimani umefanywa kwa familia za watu wa Amerika ya Kilatini na za Wachina, na msichana huyu alikuwa amesoma kazi za Marjorie Faulstich Orellana, aliyeandika kwamba watoto hawa hawabebi maneno tu, wanasaidia kuendesha maisha ya nyumba nzima. Aliuliza kama Wakongo nao husema kwamba wanaona fahari. Binti akamwambia wengi waliandika hivyo katika sehemu ya wazi ya hojaji, tena kwa maneno marefu kuliko aliyotegemea. Kisha wakaacha habari za takwimu, wakaanza kusimuliana yaliyowapata.

Lipo jambo ambalo sijalisema bado. Utafiti wa binti haukuonesha alichotarajia. Waliotafsiri sana hawakuwa na wasiwasi zaidi kuliko waliotafsiri kidogo, angalau kwa kipimo alichotumia na kwa idadi ndogo ya watu aliowapata. Aliponipa habari hizo Februari alikuwa na huzuni, akadhani ikisiri yake ingekataliwa au angelazimika kutafuta pembe nyingine ya takwimu ambayo ingetoa kitu. Profesa wake alimkatalia hilo la pili kabisa. Lile la kwanza halikutokea.

Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya mabango haya. Mwaka 1979 Robert Rosenthal aliandika juu ya tafiti zinazoishia kwenye droo kwa sababu hazikupata kitu, wakati zile zilizopata, hata kwa bahati, zinachapishwa na kufundishwa. Saikolojia ilichelewa kulisikiliza onyo hilo. Mwaka 2015 Brian Nosek na wenzake, watafiti 270 kwa jumla, walitangaza kwamba walirudia tafiti 100 zilizokwisha chapishwa katika majarida yenye heshima. Katika tafiti za awali asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizofanya hivyo. Fani nzima ilitikisika. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wamekuwa sehemu ya matengenezo yaliyofuata. Mradi unaoitwa CREP, ulioanza mwaka 2013 na ambao Jon Grahe ni mmoja wa waanzilishi wake, unawapa wanafunzi wa vyuo mbalimbali utafiti mmoja maarufu waurudie kwa uangalifu, kisha majibu yao yanakusanywa pamoja. Katika ukumbi ule niliona mabango kadhaa yaliyosema wazi juu kabisa kwamba hayakupata tofauti yoyote, na wenye mabango hawakuonekana kuona haya. Kijana wa miaka ishirini na mmoja anayejifunza kusema hadharani "nilitafuta, sikukuta" ni kijana ninayetaka aje kuwa mtafiti wa dawa zangu na wa shule za wajukuu zangu.

Mchana nilizunguka kuuliza juu ya fedha, kwa sababu najua safari kama hizi zinakwamia wapi. Kuna ada ya kongamano, kuna chumba cha hoteli ya kifahari katikati ya jiji, kuna chakula, kuchapisha bango, nauli, na ile suti. Chuo chetu kililipia gari na malazi, wanafunzi wanne chumba kimoja. Wengine walikuwa wamelala kwa jamaa nje ya mji wakaja na treni alfajiri. Wengine walipata msaada wa Psi Chi, chama cha heshima cha wanafunzi wa saikolojia, ambacho hutoa ruzuku za utafiti na safari na huendesha vikao vyake ndani ya kongamano hili.

Historia ya chama hicho nilisimuliwa na mwanafunzi aliyevaa pini yake kifuani, naye alisimulia kana kwamba ilitokea wiki iliyopita. Wazo la kukianzisha lilitoka kwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Kansas, Frederick Lewis na Edwin Newman. Septemba 1929 kongamano la kimataifa la saikolojia lilifanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Yale, na mwanasayansi Ivan Pavlov mwenyewe alisafiri kutoka Urusi kulihudhuria. Katika mkusanyiko huohuo wa wakubwa, chama cha wanafunzi kikatiwa saini, na Newman akawa rais wake wa kwanza.

Nikakumbuka kwetu. Katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu, au ripoti ya utafiti, kwa jasho lilelile. Anakwenda Kinondoni au Kibera na hojaji mkononi, anapanda daladala au matatu kwa fedha yake, anakaa na mama lishe mpaka jioni akingoja apate nafasi ya kumhoji. Kisha kazi inafungwa jalada gumu, nakala moja inakwenda idarani na nyingine maktaba, na hapo safari yake inakwisha. Wanaoisoma ni msimamizi na mtahini. Nimeingia katika vyumba vya idara ambamo kuta nzima ni tasnifu za wanafunzi, maswali mazuri ya watu wetu, juu ya huzuni baada ya kujifungua, juu ya viboko shuleni, juu ya bodaboda na hatari, na hakuna anayejua yaliyomo isipokuwa vumbi. Kongamano la kimataifa la saikolojia lilipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town mwaka 2012, lilikuwa tukio la kujivunia. Lakini mwanafunzi wa Dodoma hahitaji kungoja Cape Town. Anahitaji ukumbi wa chuo chake kwa siku moja, mbao za kuazima, pini, na walimu wa vyuo vya jirani walioahidi kuja kuuliza maswali. Hilo linawezekana kwa gharama ya mahafali ya asubuhi moja, na ninawaomba wakuu wa idara wanaosoma makala hii walifikirie mwaka huu huu.

Jioni tulitembea hadi ziwani. Upepo wa Aprili pale unakata, na wanafunzi walikimbia kurudi kupiga picha kwenye lile sanamu la chuma king'aacho la Anish Kapoor ambalo watu wa Chicago huliita Haragwe. Kesho yake walikwenda kusikiliza mihadhara ya watu ambao majina yao waliyajua kwenye vitabu vya kiada tu. Mmoja alirudi akisema kwa mshangao kwamba mwandishi wa kitabu chao alipotea njia ya kwenda ukumbini naye ndiye aliyemwelekeza.

Tukiwa njiani kurudi, binti aliniambia anataka kulibandika bango lake mahali pengine tena. Hakutaka kungoja. Kamati ya maadili ya chuo ilikuwa imempa kibali kwa masharti ya kawaida: ridhaa ya kila mshiriki, na ya mzazi kwa aliye chini ya umri, majina yafichwe, na asimrudishie mtu yeyote majibu ya mtu mwingine. Marekani iliziwekea tafiti kanuni hizi baada ya aibu ya utafiti wa kaswende wa Tuskegee kufichuliwa mwaka 1972. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo lililomzuia kuwaeleza watu wa kwao, kwa jumla, walichomsaidia kukijua.

Basi Jumapili moja ya Mei, baada ya ibada, kitambaa kile kilitundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, pembeni mwa meza ya wali na sombe. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, naye akaeleza kwa Kiswahili. Alianza na kikao cha shuleni, na wazee wakacheka kwa sauti, kila mmoja akimtazama mwanawe. Akaeleza hojaji, akaeleza kwamba hakupata alichotarajia, akaeleza pia swali la yule mzee wa Chicago kuhusu mtoto wa kwanza. Baba mmoja alisema hilo hata yeye angemwambia bure. Kisha mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mtoto mgongoni, akasimama.

"Mwanangu, umetufurahisha," alisema. "Lakini hapa umeuliza watoto. Na sisi wazazi, mulituuliza? Unajua mimi naona namna gani mutoto wangu anapoambiwa na daktari ugonjwa wangu mbele yangu, nami sijui bado?"

Binti alitazama bango lake, kisha akamwomba mama yule aketi naye baada ya chakula. Wakaketi, akiandika, mpaka viti vilipoanza kupangwa juu ya meza. Utafiti wake wa pili una wazazi ndani yake, na safari hii kuna pia swali la mtu ni wa ngapi kuzaliwa. Maombi yako mbele ya kamati ya maadili. Wakikubali, ikisiri itatumwa vuli ijayo, na profesa ameshaandika jina lake kwenye orodha ya gari.